Ulisoma Mpaka Palipokufaa

Bwiza, Bujumbura
6 Aprili 2003

Kwako kaka yangu Ilyas,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa Mama anayeumwa goti na hataki kusema, na jirani yetu mwenye jogoo anayewika saa anayoitaka mwenyewe. Hayo ndiyo maradhi yetu ya wiki hii. Ya bunduki tumeyazoea, hatuyaandiki tena.

Nina jambo la kukuomba. Hapa chuoni, Mutanga Nord, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hatukariri tena. Profesa Pontien anatufundisha kazi ya kushauri wenye biashara, na anasema kazi hiyo haifundishiki ubaoni, sawa na kuogelea. Kila wanafunzi wawili wanatafuta mteja wa kweli mwenye shida ya kweli. Wanakaa kwake, wanatazama, wanauliza, kisha wanamwandikia ripoti ya kumwambia afanye nini, na wanaitetea mbele ya walimu. Mwenzangu ni Adélaïde, yule msichana wa Kinanira anayecheka mpaka anapiga meza.

Shida ni kumpata mteja. Nyakati hizi mwenye duka akiona watu wawili na kalamu anadhani ni watu wa kodi, au ni wabaya zaidi ya hao. Tumefukuzwa kwa fundi seremala, tumefukuzwa kwa muuza vitenge. Ndipo nikafikiria kiwanda chetu cha sabuni. Tangu Baba afariki wewe ndiye mkubwa wake, hata kama uko Kigoma ukitutafutia kostiki ya kupikia sabuni na mapipa. Fundi Abdu anapika, Mama anauza, na sote tunaona kazi inavyopungua. Mawese hayafiki kutoka Rumonge kila njia ikifungwa, na yakifika yameshapanda bei. Ukiniruhusu, kiwanda ndicho kitakuwa mteja wetu.

Nikuchekeshe kidogo. Profesa ana swali lake moja la kumwuliza mteja kabla hujafungua daftari: "Umeshaamua nini?" Anasema wateja wengi humwita mshauri wakiwa wameshakata shauri, wanatafuta tu mdomo wa kulisemea. Usipouliza, utakuwa mdomo huo. Adélaïde akaniuliza kama nimekuuliza wewe. Nikamwambia mteja wangu ni kaka yangu, amenibeba mgongoni, na kwetu mdogo hamhoji mkubwa wake kama polisi wa barabarani.

Mama anakusalimu sana. Barua ninampa Mohamadi wa bandarini, kama kawaida.

Mdogo wako,
Nura


Kigoma
19 Aprili 2003

Mdogo wangu mpenzi Nura,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwasomea watu wa hapa, nikawaambia huyu ndiye yule aliyekuwa akilia kila nikimwacha mlangoni pa shule.

Unaomba ruhusa ya nini? Ingieni. Tazameni kila kitu, ulizeni kila mtu, na wewe andika bila kutuonea haya. Sisi wa biashara tumezoea kudanganyana, tunahitaji mtu wa kutuambia ukweli. Mkimaliza, niletee nakala kwa Kifaransa hivyo hivyo mlivyoiandika, na mwisho utie sahihi yako wewe, siyo jina la chuo tu. Nataka nijivunie jina la nyumbani.

Na kazi hii si ya masomo tu. Unajua wasia wa Baba: kiwanja cha Bwiza, nyumba na kiwanda, hakiguswi mpaka mimi na wewe tuwe na neno moja, na Ami Azzan ndiye shahidi. Kwa hiyo akili yako ni nusu ya akili ya kiwanda hiki. Mimi mwenyewe sijaamua lolote. Mwambie Profesa wako hivyo, asije akakosa usingizi.

Jambo moja. Mama usimchoshe na hizo hesabu zenu. Atadhani tunataka kumhamisha, na wewe unamjua. Mwaka ule Bwiza nzima ilipokimbia, yeye alikaa mlangoni akichambua mchele.

Kaka yako,
Ilyas


Bwiza
18 Mei 2003

Kaka Ilyas,

Tumeingia kiwandani, na kaka, sikujua kwamba sijawahi kukiona. Nimekulia pale, nimeungua pale, lakini nilikuwa nakiona kama mtu anavyoona mkono wake. Adélaïde ndiye anayeona. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini sufuria kubwa liko mbali na mapipa, mpaka watu wanabeba mawese wakizunguka ua mzima. Hakuna aliyejua. Baba alilikuta pale, akaliacha pale.

Wafanyakazi walituogopa. Siku za mwanzo walikuwa wakinyamaza tukiingia, hata redio wanaizima. Mama akawaambia nyumba njema si mlango, nao wageni hawa wakae ndani kabisa, akatupa vigoda karibu na moto. Hapo wakaanza kusema. Fundi Abdu akatueleza mpaka mambo ambayo hakumwambia Baba: mapishi yaliyoharibika, mafuta mabaya aliyoyachanganya na mazuri siku ambazo hapakuwa na kingine. Kisha akaniita pembeni, akafuta mikono, akaniuliza, "Binti, mi sijue kusoma hii Kifaransa yenu. Uniambie tu. Hii makaratasi munaandika, haitatufukuza?"

Nikamwambia, "Apana, fundi. Inatafuta njia ya kazi iendelee."

Akarudi kwenye sufuria lake. Sikuwa nimewahi kumuahidi mtu mzima kitu kabla ya siku ile.

Adélaïde alicheka sana siku alipojua habari ya chapa. Tulikuwa tunaandika vifaa vyote vya kiwanda, sufuria, mapipa, fremu za mbao, waya za kukatia. Akauliza ile chapa ya chuma yenye jina la Baba, Seifu, iko wapi, mbona jana aliiona na leo haipo. Nikamweleza kwamba haijawahi kulala kiwandani. Jioni Mama anaiosha, anaifunga kwenye kanga, anailaza chumbani kwake. Asubuhi anaitoa kwa bismillahi na kumkabidhi Abdu mkononi. Adélaïde akasema basi hicho si kifaa, hicho ni mtoto. Tukaiacha nje ya orodha.

Sasa nakuuliza kama mshauri. Huko Kigoma mawese yanapatikana vipi? Maana kila tukipiga hesabu, ugonjwa ni ule ule: tunapikia mahali ambapo mafuta hayafiki.

Mdogo wako,
Nura


Kigoma
1 Juni 2003

Nura mpenzi,

Mawese hapa yako tele, mpaka wanapikia maandazi. Umegusa penyewe. Mimi mgeni wa nchi ya watu nisingethubutu kusema mbele ya Ami Azzan kwamba kazi ihamie huku, angesema Kigoma imenilewesha. Lakini ikisemwa na chuo, tena na wewe, ni elimu.

Nakuomba kitu kimoja. Usiandike kama binti wa nyumba. Andika kama mgeni aliyeshuka leo kwenye meli. Binti wa nyumba ataandika Mama, Baba, Abdu, jogoo wa jirani. Mgeni ataandika: kupika kuhamie Kigoma. Hao walimu wako wanataka mgeni.

Pia watu wetu waliokimbilia kambini upande huu wananiulizia sabuni ya nyumbani kila nikipita. Liweke hilo pia.

Kuja Bujumbura mwaka huu sidhani. Kazi imenibana, na Mohamadi anasema njia si salama. Mbusu Mama goti lake.

Ilyas


Bwiza
22 Juni 2003

Kaka Ilyas,

Tumemaliza, tumetetea, tumepita. Profesa Pontien alisoma ukurasa wa mapendekezo kwa sauti mbele ya darasa zima, naye si mtu wa kusifu. Mwaka jana alimwambia mwanafunzi kwamba ripoti yake ingefaa kufungia karanga. Sisi alituambia tumemsikiliza mteja. Nililia chooni kama mjinga.

Nakala yako hii hapa. Nieleze kwa ufupi, maana najua utaruka kurasa. Tumeshauri mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, kupika kuhamie Kigoma, karibu na mafuta. La pili, sabuni ije huku ikiwa magogo, na kukata, kupiga chapa na kuuza kubaki Bwiza, kwa Mama, kwa mikono ya Abdu na wenzake. Sufuria linaondoka, watu hawaondoki. La kwanza bila la pili ni kuua kiwanda, nimeandika hivyo hivyo, na nimelipigia mstari. Nimetia sahihi chini yake kama ulivyotaka.

Mama sijamwambia kitu, kama ulivyoniagiza. Ananitazama jicho la pembeni, nadhani ananisubiri nianze. Ukija au ukiandika, tumweleze pamoja wewe na mimi.

Julai nitakuwa Kinanira kwa Adélaïde siku kadhaa, mama yake anatufanyia karamu ndogo ya kumaliza.

Mdogo wako, mshauri wako,
Nura


Kigoma
12 Julai 2003

Nura mpenzi,

Nimesikia redioni mapigano yameingia Kinanira na Musaga. Sina raha. Nilikumbuka uliniambia utakuwa huko. Kama ningeweza ningevuka leo hii, lakini niko huku Kigoma mikono mitupu, nangojea habari tu. Tafadhali ukitoka salama niandikie hata mstari mmoja. Mengine yote tutayazungumza.

Kaka yako anayekuombea,
Ilyas


Kwa Ami Azzan, mjini
27 Julai 2003

Ilyas,

Umeomba mstari mmoja. Niko hai. Adélaïde yuko hai. Ukuta wao wa mbele haupo.

Sasa mistari yangu mimi. Tulilala chini ya vitanda, watu saba na mbuzi wa jirani, mabomu yakipita juu ya paa, na mimi kila yakitulia nilikuwa nasema alhamdulillahi, Ilyas yuko Kigoma. Nilishukuru kwa ajili yako. Na wewe ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale, sebuleni kwa Ami Azzan, unakunywa kahawa.

Njia ilipofunguka nilitembea mpaka Bwiza. Mlango wetu una kufuli nisiyoijua. Ndani nikasikia nyundo. Kijana mmoja akatoka, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba mwenyewe bado hajafungua, baa itaanza mwezi ujao. Baa, Ilyas. Pale Mama alipokuwa akitandika msala wake kuna rundo la masanduku ya chupa.

Nilimkuta Mama hapa kwa Ami, amekaa juu ya mabunda yake kama abiria. Nikamwuliza nani amekufukuza. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayeona haya kwa niaba yako. Akasema, "We si ulikubali, mwanangu. Mi ningesema nini tena? Nilifikiri aibu ndio inakuziba mudomo."

Ndiyo jicho lile la pembeni. Mwezi mzima alikuwa akinisubiri nikiri jambo nisilolijua. Ulikuwa umeshamwandikia kupitia Mohamadi kwamba mimi na wewe tumekubaliana kuuza, na kwamba asinibane, nitamwambia mwenyewe nikiwa tayari. Mimi ukanikataza kumsemesha, yeye ukamkataza kuniuliza. Tumelala chumba kimoja, kila mtu na ukuta wake, na fundi aliyejenga ni wewe.

Kisha nikamwendea Ami. Unajua macho yake yalivyo sasa, na Kifaransa hajawahi kukijua hata yalipokuwa mazima. Akaniambia ulikuja na ripoti, ukamsomea, ukamtafsiria neno kwa neno. Nikamwuliza ulisoma nini. Akasema, kupika kuhamie Kigoma, karibu na mafuta. Nikamwuliza halafu? Akasema halafu ukafunga karatasi, ukamwonyesha sahihi yangu, akaitambua kwa ile nuni kubwa ya Kiarabu, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuiandika. "Mutoto mwenyewe ameandika," akaniambia. "Wasia umetimia. Mi ni nani nikatae?"

Ulisoma mpaka palipokufaa. La pili lilikuwa mstari wa chini yake, nimelipigia mstari kwa rula, na ulilifunika kwa kidole gumba mbele ya mzee asiyeona herufi ndogo.

Nikamsomea yote. Akaomba nimsomee tena ule mstari wa chini. Pesa zimeshapokelewa na hati imeshahama, hawezi kuirudisha, na tangu siku hiyo hatoki hata kwenda msikitini. Umemfanya avunje wasia wa ndugu yake akidhani anautimiza.

Fundi Abdu sikumtafuta, nilikutana naye tu karibu na soko. Nilitaka kukimbia. Akanisalimu, akaniulizia Kinanira, hakutaja karatasi. Angenitukana ningelala usingizi.

Nilikwenda mpaka kwa Profesa Pontien. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ripoti ilikuwa nzuri na alama zangu hazibadiliki. Hilo liliniuma kuliko kama angenikemea. Ni kweli ilikuwa nzuri. Nilimwuliza kila mtu kila kitu, nilimwuliza hata mpagazi anayebeba mapipa, na mtu mmoja tu sikumwuliza swali la kwanza, kwa sababu amenibeba mgongoni.

Nakuuliza sasa, kwa kuchelewa. Uliamua lini?

Nura


Kigoma
17 Agosti 2003

Nura,

Maneno yako makali nimeyapokea. Wewe ni mdogo wangu, siwezi kukujibu kwa kipimo hicho hicho.

Umeuliza, nakujibu. Mwezi wa pili. Nilikuwa nimeshapata mahali hapa, nimeshatoa arubuni, kabla hata hujaniandikia habari ya chuo. Ningefanyaje? Ningekuja kukuambia tuuze nyumba ya Baba, ungelia, Mama angelia, Ami angesema wasia, na kiwanja kingekaa pale kikingojea kombora. Mimi ndiye niliyebaki na mzigo wa watu wote. Barua yako ilipofika niliona ni Mungu amefungua mlango. Kweli sikusoma mstari wa pili. Mstari wa pili ulikuwa wa binti wa nyumba. Ule wa kwanza ulikuwa wa mshauri, na uliuandika wewe, si mimi. Siku ya Kinanira nilikuwa kwa Ami, kweli, na nilitaka kukufuata, lakini njia ilikuwa imefungwa. Ile barua nilikuandikia pale pale nikilia. Niliandika Kigoma ili usiniulize.

Damu nzito kuliko maji. Nyumba nimewapangia hapa, ina vyumba na ua, Mama atapata jua kwa goti lake. Njooni wote wawili. Nakuhitaji kazini pia, kwa kuwa mambo hayajakaa sawa. Sabuni ya kwanza tumeipika nzuri, nikaipeleka kambini kwa watu wetu. Waliigeuza, wakaitazama upande huu na upande huu, wakairudisha. Wanasema si ya Seifu, haina jina. Mchongaji wa hapa alinitengenezea chapa, wakacheka.

Nimetafuta chapa ya Baba kwenye vitu vyote vilivyoletwa. Nilichukua kila kilichoandikwa kwenye ripoti yako, na chapa haimo. Najua iko kwa Mama. Mpe Mohamadi aniletee. Bila hiyo nimejenga bure, na arubuni imekwenda, na nyumba imekwenda. Nisamehe halafu uitume, au itume kwanza halafu unisamehe polepole.

Kaka yako,
Ilyas


Buyenzi, Bujumbura
14 Septemba 2003

Ilyas,

Barua yako nimemsomea Mama. Nimemsomea yote, mpaka sahihi.

Kwa kuwa sasa ninajua kazi, kabla ya kumshauri lolote nilimwuliza ameshaamua nini. Hakufikiri. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Ile chapa ya baba yenu, mi nasema apana. Haivuke maji. Ilyas mwenyewe akitaka kuvuka, avuke, ni mwanangu, sahani yake iko."

Tumepanga vyumba viwili huku Buyenzi. Uani fundi Abdu ameweka sufuria, dogo, la kupikia pilau ya harusi. Mawese yanakuja siku yakija. Mimi namshauri, na nilipoanza nilimwuliza swali lile. Akacheka, akasema ameshaamua kutoniamini mwaka mzima, halafu tutaona. Nikaliandika. Ni mteja mkweli. Jioni ananiletea chapa mwenyewe, Mama anaiosha.

Kigoma sitakuja. Sikuchukii, ningekuchukia ningepumzika. Kila nikitia sahihi mahali, hata kwenye karatasi ya dawa ya Mama, mkono unasita kwenye ile nuni, na hapo nakukumbuka. Nadhani nitakukumbuka hivyo maisha yangu yote.

Mohamadi atakupa kifurushi. Usikitafutie chuma, hamna. Ni kipande kimoja cha mapishi ya juzi, Abdu amekipiga chapa kwa mkono wake, jina la Baba linasomeka vizuri. Kinatosha kunawa mikono.

Nura binti Seifu